Mwizi wa Sufuria na Nyumba Yenye Geti

Mkutano ulikuwa Jumapili saa nne asubuhi, chini ya mwembe ulio mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, pembezoni mwa Dar es Salaam. Miaka kumi na tano iliyopita huko kulikuwa na mikorosho. Leo kuna kuta, mageti na nyaya za umeme juu ya kuta. Ajenda ilikuwa moja: mateja, yaani waraibu wa heroini. Mimi nilialikwa kama ofisa ustawi wa jamii anayefanya kazi katika kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, na kwa saa nzima ya kwanza sikusema neno. Niliandika yaliyoibwa. Mita za maji saba. Mifuniko ya chemba. Saiti mira za gari. Nguo mbichi kambani. Koki ya bomba la kutawadhia msikitini. Mama mmoja alisema ameibiwa sufuria ikiwa jikoni, maharage yakichemka, na maharage yenyewe wakayamwaga hapo hapo mlangoni. Watu wakacheka, yeye hakucheka.

Kisha kijana mmoja akasimama, akasema hakuna haja ya wataalamu, dawa yao ni tairi na petroli. Akapigiwa makofi.

Tuanze na hiyo sufuria, maana ina mengi ya kutufundisha. Mtu anayemwaga maharage ya moto ili abebe sufuria ya elfu chache haibi ili atajirike. Anakimbia arosto, mateso ya mwili uliokosa dawa. Heroini, ambayo mtaani huitwa unga au ngada, humpa mtumiaji nafuu ya saa chache tu. Kati ya saa 6 na 12 baada ya kete ya mwisho, yaani kifurushi kidogo cha unga, mwili unaanza kudai: miayo mfululizo, makamasi, machozi, jasho la baridi, vinyweleo kusimama, tumbo kukata, kuhara, mifupa kuuma kana kwamba imepigwa rungu. Siku ya pili na ya tatu ndiyo mbaya zaidi. Kwa hiyo aliyekwisha kuwa mraibu havuti wala hajidungi ili astarehe. Starehe iliisha zamani. Anatafuta kusimama wima. Anahitaji kete asubuhi, nyingine mchana na nyingine usiku, leo, kesho na Sikukuu. Ndiyo maana wizi wake ni mdogo mdogo, wa kila siku, na wa vitu vinavyogeuka fedha ndani ya nusu saa.

Na hapo ndipo nilipouliza swali lililonyamazisha mkutano: mita inauzwa wapi?

Mita ya maji ina shaba. Mfuniko wa chemba ni chuma. Sufuria ni alumini. Vyote vinakwenda kwenye mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu, na mzani huo kila mtu mtaani anaujua ulipo. Mtu anafika saa kumi na mbili asubuhi na mita iliyokatwa, bado inadondosha maji, inapimwa, analipwa, anaondoka. Hakuna anayemuuliza jina. Nimeona mitaa ikitumia nguvu nyingi kufukuza kijiwe, na mwenye mzani akibaki amekaa kwenye kiti chake cha plastiki. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai. Mwenyekiti wa mtaa na polisi kata wakimtembelea mnunuzi, wakamtaka awe na daftari la jina, kitambulisho na kitu kilicholetwa, na asipokee mita wala mfuniko wa chemba kutoka kwa mtu yeyote asiye na barua, wizi wa aina hiyo unakosa soko. Si tiba ya uraibu, lakini ni nafuu kuliko nyaya za umeme juu ya ukuta.

Huo ndio uhalifu unaoonekana. Upo mwingine ambao katika ile saa nzima haukutajwa hata mara moja, na kwa maoni yangu ndio unaostahili hofu kubwa zaidi.

Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, dawa ya kulevya ya kusisimua mwili, katika operesheni iliyofanyika Dar es Salaam na Iringa. Fikiria tani tatu. Mzigo wa namna hiyo haulali chini ya mwembe kwa mateja. Heroini inayofika kwetu asili yake kwa sehemu kubwa ni Afghanistan. Hupakiwa kwenye majahazi katika pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan, ikavushwa Bahari ya Hindi hadi ufukwe wa Afrika Mashariki. Ikishashuka inahitaji pa kulala, na pa kulala pazuri ni nyumba ya kupanga yenye ukuta mrefu, geti zito na majirani wasiojuana.

Sisi wakazi wa mitaa mipya tumezijenga nyumba hizo wenyewe. Mwenye nyumba anaishi mkoa mwingine au yuko nje ya nchi. Dalali ndiye anayemjua mpangaji, na anachojua ni kwamba kodi ya mwaka imelipwa taslimu bila kuomba kupunguziwa. Mjumbe hajawahi kumwona. Hajaandikwa kwenye daftari la wakazi. Gari linaingia usiku na geti linafungwa, nasi tunamsifu kuwa mstaarabu, hana kelele, na ulinzi shirikishi anachangia bila kufuatwa.

Sisemi kila mpangaji mkimya ni muuza unga. Tukifika huko tutakuwa tumegeuza mtaa kuwa gereza. Ninasema mtaa unaomjua kila teja kwa jina la utani na usiomjua mpangaji wa nyumba ya kona umeweka macho upande mmoja. Mwenye nyumba ana wajibu hapa. Chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, usafirishaji hauishii kwenye kubeba. Kuhifadhi nako kumo, pamoja na kununua, kuuza na kusambaza. Adhabu yake kwa heroini ni kifungo cha miaka 30, na kwa kiasi kikubwa ni maisha. Mwenye nyumba au msimamizi anayeruhusu nyumba itumike kwa kosa hilo huku akijua, naye anaingia hatiani. Nakala ya kitambulisho cha NIDA, mkataba wa maandishi, na kumpeleka mpangaji kwa mjumbe akajitambulishe ni kazi ya asubuhi moja.

Sasa kuhusu taarifa. Watu wengi wananiambia, "Tulisharipoti, hakuna kilichofanyika." Nikiuliza waliripoti nini, jibu huwa: "Tuliwaambia pale wanauza." Hiyo si taarifa, ni lalamiko. Taarifa inayofanyiwa kazi ina saa, ina siku, ina namba ya gari au ya pikipiki. Kwa mfano: bodaboda yenye namba fulani inasimama kwenye nyumba ya geti la bluu mara nne hadi tano kati ya saa mbili na saa nne usiku, dereva hashuki, anapewa kitu kupitia upenyo wa geti. Maneno ishirini ya namna hiyo yana thamani kuliko barua ya kurasa mbili yenye sahihi za mtaa mzima. Namba ya Mamlaka ya kupokea taarifa ni 119, haitozwi, na huna haja ya kutaja jina lako. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi, nayo ya mwaka 2015.

Kuna mambo ambayo nawasihi msiyafanye. Msijifanye wanunuzi ili kuhakikisha. Ukishaishika kete mkononi wewe ndiye mwenye dawa za kulevya. Msiende kugonga geti kwa kundi, kwa sababu mzigo utahama usiku huo huo. Na kwa jina la Mungu, msiandike kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Kundi lina watu mia mbili. Mnayemsema naye yumo, na pengine ndiye aliyebonyeza dole gumba chini ya ujumbe wenu.

Nirudi kwa kijana wa tairi. Sikumbeza, kwa sababu nyumba yake ilikuwa imevunjwa mara mbili. Nilimwambia mambo mawili. La kwanza analijua: magazeti huandika "wananchi wenye hasira kali", lakini hati ya mashtaka haiandiki hivyo, inaandika mauaji, na majina ya watu. La pili hakuwa amelifikiria. Yule anayekula unga ndiye pekee mtaani anayejua kwa hakika unatoka wapi. Anakwenda pale mara tatu kwa siku. Ukimchoma, umemfanyia muuzaji kazi yake. Kesho atapata mteja mwingine, na shahidi ameshakuwa majivu.

Mkutano ulipofungwa, mama wa sufuria hakuondoka. Alisubiri viti vya plastiki vibebwe, akanisogelea, akaongea akitazama chini. "Mwanangu, na kama huyo mwizi ni wa kwangu mwenyewe?" Akaniambia alivyomwona kijana wake jikoni: amesimama, amepinda kiunoni mpaka kichwa kinakaribia magoti, macho yamefumba, na haanguki. Mboni za macho ndogo kama ncha ya sindano. Alishamfungia chumbani wiki mbili kwa kufuli, akampa uji dirishani. Alitoka amenawiri. Siku ya nne akarudi kule kule.

Nilimweleza kwa nini kufuli lile lilikuwa la hatari kuliko alivyodhani. Baada ya wiki mbili bila unga, mwili unasahau kuuhimili. Mtu akirudia kipimo chake cha zamani, kipimo kile kile kinaweza kumzimisha pumzi. Wengi hufa hivyo, baada ya kutoka gerezani, kwa waganga au kwenye chumba cha mama. Ukimkuta anakoroma kwa sauti isiyo ya kawaida, pumzi zinakuja moja moja, midomo na kucha zimebadilika rangi, usimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Yatamwingia kwenye mapafu. Mlaze kwa ubavu, hakikisha njia ya hewa iko wazi, mkimbize hospitali na useme ukweli kuwa ni unga, kwa sababu kuna dawa ya kuuzima, naloksoni, na dakika ndizo zinazoamua.

Tiba ya kudumu zaidi tuliyonayo ni methadoni. Kliniki ya kwanza ilifunguliwa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na sasa huduma ipo katika mikoa kadhaa, Tanzania Bara na Zanzibar. Ni dawa ya maji, inatolewa bure, mgonjwa anainywa mbele ya muuguzi mara moja kwa siku. Inakaa mwilini zaidi ya saa 24, kwa hiyo inaondoa arosto bila kumlevya aliyezoea, na akili inapata nafasi ya kufikiria kitu kingine kando ya kete. Wengi huletwa kliniki na wahamasishaji wa asasi za kijamii, baadhi yao wakiwa wenyewe waliwahi kulala vijiweni. Pia wapo wanaochagua nyumba za upataji nafuu, ambako mtu anakaa miezi kadhaa bila dawa yoyote.

Watu huuliza: atainywa mpaka lini? Kwa wengine miaka miwili, kwa wengine mingi zaidi. Anayeshangaa hilo simwelewi, kwa sababu mgonjwa wa presha naye anameza kidonge kila siku na hakuna anayemwita teja wa vidonge. Ila niseme pia kwamba methadoni haitibu bangi, wala mirungi, wala methamfetamini. Inatibu uraibu wa jamii ya heroini tu. Mzazi ambaye mwanawe anavuta skanka, aina ya bangi kali, anahitaji ushauri nasaha na mtaalamu wa afya ya akili, asipoteze siku kwenye foleni yetu.

Kikwazo kikubwa kwa mitaa ya pembezoni hakipo kwenye dawa, kipo kwenye nauli. Kunywa mbele ya muuguzi kila siku maana yake ni kwenda kila siku, na kutoka mitaa ya mbali hadi kliniki huweza kuwa daladala mbili kwenda na mbili kurudi, siku saba za wiki. Wiki mbili za mwanzo ndizo ninazoziogopa. Kipimo bado ni kidogo, mwili bado unauma, kazi hana, na nauli aliyopewa inapita mbele ya kijiwe kabla haijafika kituoni. Nimewapoteza wengi katika kipande hicho cha barabara.

Mwenyekiti wa mtaa ule nilimwomba jambo moja dogo. Mtaa wake ulikuwa umechanga fedha za taa za barabarani na kamera mbili. Nikamwomba wachange nauli ya vijana watatu kwa mwezi mmoja, ishikwe na mjumbe, itolewe kila asubuhi kwa mkono, si kwa jumla. Alipoanza kupita nyumba kwa nyumba, kwenye nyumba ya tatu aliulizwa kwa nini mwizi alipiwe nauli. Akanipigia simu ajue amjibu nini. Nikamwambia amwombe mwenye nyumba risiti ya mita mpya aliyonunua, wakae mezani na kalamu, wagawe bei yake kwa nauli ya siku.