Mtoto ana usonji, mbona haoni nimekasirika?

Swali: Kijana yangu wa miaka tisa ako na usonji. Nikikunja uso yeye anaendelea tu na stori zake za matatu. Ni madharau?

Jibu: Hapana mama. Wengi wenye usonji furaha kubwa wanaiona, zinazowapita ni zile za chini chini, hasira kidogo, woga, mtu anatabasamu na ameshachoka na wewe. Wengine kutazama macho kunawalemea, so habari ya machoni inawapita. Usimshike kidevu umlazimishe tafadhali. Mwambie kwa mdomo, "nimekasirika juu umemwaga maziwa."

Swali: Kwa hivyo hana huruma?

Jibu: Hii huniudhi sana. Kutojua mtu anahisi nini na kutojali ni vitu mbili tofauti, mwambie shosho ni mgonjwa halafu uone vile hatalala.

Swali: Mimi ni mtu mzima, nilifanya ile tesiti ya AQ nikapata alama za juu lakini sura nasoma fiti kabisa. Inawezekana?

Jibu: Ndio. AQ ni maswali 50, ilitoka Cambridge 2001, inapima tabia za usonji ambazo kila mtu ako nazo kwa kiasi, haisemi uko na usonji. Halafu 2013 watafiti Uingereza, kina Richard Cook na Geoffrey Bird, walipata kwamba shida ya kusoma sura inaendana na alekisithimia, yaani mtu kushindwa kutambua hisia zake mwenyewe, kuliko usonji wenyewe. Karibu nusu ya wenye usonji wako nayo, na kuna watu hawana usonji kabisa na wako nayo. So mtoto muulize kwanza mwili wake unasemaje, tumbo imekaza? moyo unapiga mbio?

Swali: Ninunue zile kadi za picha za sura, za kumfundisha hisia?

Jibu: Nunua, ila atazipata zote na bado kwa mat asijue kama makanga amekasirika ama anatania, juu sura ya kadi haisongi. Na shida iko pande mbili, wasio na usonji pia hushindwa kuwasoma wenye usonji, mtafiti Damian Milton, mwenye usonji mwenyewe, aliandika hivyo 2012. Mwalimu anaona uso umetulia, kumbe mtoto amejaa mpaka shingoni.

Swali: Tuanzie wapi?

Jibu: EARC iliyo karibu, ni vituo vya serikali vya kupima watoto kwa ajili ya shule, na daktari wa watoto. City Primary pale Ngara iko na kitengo cha usonji, unaweza kuuliza hapo pia. Beba video fupi za nyumbani, kwa ofisi ya watu mtoto hubadilika.