Lenta isiyokutana kwenye kona

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliukumba mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia wakajeruhiwa, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Kwa vipimo vya wataalamu lilikuwa tetemeko la wastani tu, tena kitovu chake kilikuwa takriban kilomita 40 chini ya ardhi.

Nikiwa mhandisi wa majengo, nilizunguka kukagua nyumba zilizobomoka. Ukuta wa matofali ya kuchoma yaliyojengewa kwa udongo hubeba uzito wa paa kwa miaka mingi, lakini hauwezi kustahimili kusukumwa ubavuni. Ardhi inapotikisika, kuta zinazokutana kwenye kona huvutana, kila mmoja upande wake, ufa ukaanzia juu, na hatimaye ukuta hulala nje. Lenta, yaani mkanda wa zege lenye nondo ndani yake, inayoizunguka nyumba nzima ndiyo inayozifunga kuta hizo zitikisike pamoja.

Nyumba moja ilikuwa na lenta, na bado kona yake iliachana. Nilipogonga zege lililopasuka nikakuta nondo za kuta mbili zimeishia kwenye kona bila kugusana, zimeachana upana wa kiganja changu. Mama mwenye nyumba aliniambia kwamba alinunua nondo zote alizoandikiwa na fundi. Niliumia sana, kwa sababu kasoro ile haikutokana na umaskini, bali ilifunikwa na zege kabla mtu hajaiona.

Huko Long Beach, California, tetemeko la tarehe 10 Machi 1933 liliangusha shule nyingi za matofali, jioni ambapo wanafunzi walikuwa wameshatoka. Mwezi mmoja baadaye jimbo likapitisha sheria iliyotaka michoro ya shule za umma ipitiwe na wahandisi wake, na ujenzi ukaguliwe ukiwa unaendelea. Ukaguzi wa namna hiyo nautaka hata kwa nyumba ya vyumba viwili.

Tangu Kagera, siruhusu zege limwagwe kabla sijapita kila kona na futi mkononi: nondo ya milimita 12 lazima ikunje kona na kupishana na mwenzake si chini ya sentimita 60. Hivi karibuni nilikuta zimepishana sentimita 20. Tulikata waya, tukaongeza vipande na kufunga upya, kazi iliyotuchukua asubuhi moja.