Gari linaposema limechoka: dhana potofu na ukweli kuhusu spea zilizoisha

Anayetoka Iringa kwenda Dar es Salaam hushuka mlima wa Kitonga kona baada ya kona, lori mbele na basi nyuma, na hapo ndipo breki mbovu hujulikana. Kasoro yenyewe huwa haikuanzia mlimani. Ilianza wiki kadhaa nyuma, huko mjini: breki zililia, usukani ukavuta upande, taa ikawaka, na mwenye gari akapewa jibu la kumtuliza moyo. Majibu hayo ndiyo nataka tuyatazame, maana mengi yanafanana. Yanainyamazisha dalili, kilichochakaa kinabaki pale pale.

"Hizo breki zinalia vumbi tu"

Vumbi huzifanya breki zilie, ni kweli. Hata gari lililolala nje usiku wa mvua hukwaruza asubuhi, kwa kuwa diski, sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, imeshika kutu nyepesi. Ukikanyaga breki mara nne au tano, kelele inakwisha. Ile inayorudi kila siku ni jambo jingine. Pedi, vipande vinavyoibana diski, zikiwa mpya huwa na unene wa kama milimita 10, na nyingi zimewekewa kibati kidogo cha chuma. Pedi ikibaki milimita 2 au 3, kibati hicho hugusa diski na kupiga mluzi mwembamba. Watengenezaji wamekiweka makusudi ili dereva asikie. Fundi anayekikata ili kelele iishe anakuondolea onyo ulilolilipia. Baada ya mluzi huja mkwaruzo mzito unaousikia mpaka mguuni: chuma kinasaga chuma. Wiki iliyopita ungenunua pedi peke yake, sasa utanunua na diski.

Breki za nyuma za dramu, zile zilizofunikwa ndani ya bakuli la chuma, kwa kawaida hazina kibati hicho. Hendibreki ikianza kupanda juu kuliko ilivyozoea kabla ya kushika, mwambie fundi afungue dramu aangalie.

"Mafuta ya breki yamepungua? Ongeza"

Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu inafanana na matunzo mazuri. Mafuta ya breki hayaungui kama oili ya injini. Yanazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Yakishuka, ama pedi zimeliwa na pistoni za kalipa, kishikio kinachozisukuma pedi, zimesogea nje, mafuta nayo yakazifuata, ama kuna mahali yanavuja. Ukiongeza tu, umeyafunika yote mawili. Kabla ya kufungua chupa, pima unene wa pedi, kisha chungulia upande wa ndani wa kila gurudumu kama kuna unyevunyevu.

Tena mafuta hayo huzeeka. Yananyonya maji kutoka hewani. Ya daraja la DOT 4, lililoandikwa kwenye chupa, yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi joto 230. Yakishanyonya maji, kiwango cha chini cha kuchemka kinachotakiwa ni nyuzi 155 tu. Sasa mfikirie dereva anayeshuka Kitonga mguu ukiwa juu ya breki muda wote. Joto linapanda, mafuta yanachemka, unatokea mvuke, na mvuke hubonyea. Pedali inazama mpaka chini na gari halisimami. Watengenezaji wengi hushauri kuyabadilisha kila baada ya miaka 2 hivi, na ni wachache ninaowafahamu wanaofanya hivyo.

Wapo wanaoteremka gia ikiwa nyutro ili kubana petroli au dizeli. Gari la injekta likiwa kwenye gia, ukiachia akseli mteremkoni, injini hukata mafuta yenyewe. Nyutro haikupunguzii gharama, na inazibebesha breki mzigo wote.

Na kama unasema, "Gari langu mpaka ulipampu mara mbili ndipo lishike," tafadhali usipakie watu. Kuna hewa kwenye mfumo, au panavuja, au masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali, imechoka.

"Dashibodi haina taa, gari liko salama"

Gari nililowahi kununua mkononi mwa mtu lilikuwa na dashibodi safi kabisa. Miezi miwili baadaye fundi wa umeme alinionyesha kwamba taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu, ilikuwa imechomolewa. Tangu siku hiyo, kila gari ninalolikagua nawasha swichi kwanza bila kupiga stata. Taa za onyo zinapaswa kuwaka zote kwa muda mfupi, kisha nyingine kuzima zenyewe. Ile isiyowaka kabisa ndiyo ninayoiulizia.

Hata dashibodi ya kweli haioni kila kitu. Magari mengi tuliyonayo hayana kihisi cha unene wa pedi, na hakuna taa inayoonya kuhusu shokapu au bushi, zile raba za kwenye maungio ya chini ya gari.

"Shokapu ni za starehe"

Kazi kubwa ya shokapu ni kulikandamiza tairi barabarani. Tairi linalorukaruka haliwezi kushika breki, hivyo gari huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Angalia kama shokapu imelowa oili, kama pua ya gari inazama sana ukifunga breki, na kama tairi limeliwa kwa mabonde mabonde.

Tairi lina mengi ya kusema kwa anayelitazama. Likiliwa kingo zote mbili, upepo umekuwa mdogo; likiliwa katikati, umezidi; likiliwa upande mmoja, tafuta alainimenti au bushi zilizokufa. Usikubali kubadilisha tairi bila kutafuta kilicholila, maana na jipya litaliwa vivyo hivyo.

"Jua ni kali, punguza upepo kabla ya safari"

Hapana. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na kujikunja huko ndiko kunakozalisha joto linalolipasua. Jaza kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, na pima asubuhi tairi likiwa baridi. Wala kashata nene, yaani meno ya tairi, zisikudanganye. Soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la umri huo lenye nyufa ni zee, hata likionekana jipya.

"Inagonga kwa sababu barabara ni mbovu"

Barabara mbovu ndiyo inayoua bol jointi, kiungo kinacholishikilia gurudumu likiweza kukunja. Ikichomoka, gurudumu hulala na usukani hauna kazi tena. Mwambie fundi apige jeki na kulitikisa gurudumu: likicheza juu na chini, shuku bol jointi au bearingi, likicheza kushoto na kulia, shuku tairodi, fimbo inayounganisha usukani na gurudumu. Mvumo unaoongezeka kadiri ya mwendo na kubadilika ukikata kona, mara nyingi ni bearingi. Mlio wa ka-ka-ka unapokunja usukani mpaka mwisho ni jointi ya draivi shafti. Angalia kama mpira wake umepasuka na grisi imetapakaa.

"Kitu kikichoka lazima kitoe dalili"

Hapa wanaosikiliza gari lao kwa makini nao huumia. Taimingi belti, mkanda unaozungusha vali za injini kwa wakati wake, inaweza kukatika bila kulia hata siku moja. Injini inazima ukiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito, na breki zinabaki na nguvu za kukanyaga mara chache kabla pedali haijawa ngumu. Kwenye injini nyingi za Toyota zenye belti ya mpira, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Uliza kwanza kama injini yako ni ya belti au ya cheni. Kama ni ya belti na aliyekuuzia hakumbuki ilibadilishwa lini, usianze kuhesabu kwa kubahatisha: badilisha, kisha andika tarehe na kilomita kwenye kibandiko chini ya boneti, ili atakayelinunua kwako asikute kitendawili hicho hicho.