Wito: umeitwa na nani?

Kila msimu wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, huwauliza wanafunzi wanaoletwa ofisini kwetu kwa nini wamechagua ustawi wa jamii, na kila msimu jibu ni lile lile: "Nina wito, napenda kusaidia watu." Mwaka huu walikuwa sita, na wote sita walisema hivyo, mmoja baada ya mwingine, kama wanaitikia mahudhurio. Nimechoka kulieleza neno hili wito kwa mdomo.

Wito, likihusu kazi, ni kujiona unadaiwa kazi hiyo na kitu kilicho nje yako: Mungu, watu, au hali uliyoiona ukashindwa kuipita. Basi.

Kinachonikera ni hiyo "nina". Wito limetokana na kuita, kitenzi cha Kibantu cha siku nyingi. Wanyarwanda kila mwaka wana sherehe ya kuwapa majina sokwe wachanga wa milimani, wanaiita Kwita Izina, na hiyo kwita ni ndugu wa kuita yetu. Kwetu imezaa pia kuitika na kuitikia. Sasa wito si kipaji wala sauti nzuri, hata useme unao. Wito husikika, kisha huitikiwa. Binti akisema "abee!" huko jikoni na hakuna aliyemwita, mama yake atamuuliza amesikia nini. (Kama ni usiku, atamkataza kabisa kuitika.) Mimi nami huuliza hivyo hivyo: umeitwa na nani?

Hiyo "napenda kusaidia watu" jina lake ni huruma. Sina ugomvi nayo, ila huruma huanzia kwako na mara nyingi huishia pale roho yako inapotulia. Katika hao sita, mmoja wiki ya pili alimkuta mama kwenye benchi la nje, mtoto mgongoni, amekuja kulalamika kwamba baba wa mtoto hatoi matunzo. Akampa elfu tano yake. Mama akashukuru akaondoka. Jalada halikufunguliwa, na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, inayomdai mzazi matunzo, ikabaki kabatini. Jumatatu mama akarudi, akamuulizia "yule dada wa elfu tano".

Sikumgombeza. Nilimwonyesha barua tunayowapelekea akina baba: "Unaitwa kufika ofisi hii siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, bila kukosa." Inaitwa barua ya wito. Mahakama nazo hutoa wito. Hakuna mwanamume aliyewahi kuipokea akajisifu kwamba ana wito. Hukunja uso, na Alhamisi anakuja.

Mimi naona wito wa kazi yetu uko karibu zaidi na barua ile kuliko na mahubiri. Huyo baba akifika, hata kama ananuka gongo na humpendi, unamsikiliza kama ulivyomsikiliza mama. Felix Biestek, padri Mjesuiti wa Marekani, mwaka 1957 alitaja kanuni saba za kazi hii: kutunza siri, kutomhukumu mteja, kumwacha aamue mwenyewe, na nyinginezo. Mojawapo ni kuzitawala hisia zako unapoguswa na ya mteja. Padri wa watu alijua habari za wito, lakini kwenye kanuni hizo hakuweka ya kupenda kusaidia.

Kosa la pili si la wanafunzi. Ni la wakubwa, pale posho inapochelewa ukaambiwa "hii ni kazi ya wito". Walimu na wauguzi wanaijua vizuri sentensi hiyo. Jamani, hata ukiwaita majirani wakusaidie kulima, unapika.

Kwa hiyo, wanangu, kwenye ripoti ya fildi "napenda kusaidia watu" inatosha, wala si aibu, sitakata alama. Neno wito liandikeni mnapoweza kumtaja aliyewaita. Akiwa ni baba aliyekujazia fomu ya chuo bila kukuuliza, mtaje tu. Jibu hilo nimeshalipata mara mbili, na wote wawili sasa ni maafisa wazuri.