Jino lile lile, malipo mbali

Msimu wa karafuu foleni ya meno kwangu mimi daktari wa meno hapa Wete, Pemba, hupungua, na vuno likisha, mashavu yaliyovimba hujaa benchi zima. Meno hayaendi kwa msimu, wanaohesabu ni wenye meno. Mchumaji hulipwa kwa pishi, kwa hiyo siku ya kuja kwangu ni pishi alizoziacha mtini, juu yake nauli ya kuja na kurudi. Matibabu yalitangazwa bure tangu 1964, ila bure hiyo huanzia mlangoni kwangu.

Bibi mmoja kutoka Micheweni alifungua kinywa nikakuta gego la chini limeshindiliwa karafuu zilizotafunwa, nyeusi kama lami. Sikumcheka. Mafuta ya karafuu yana yujenoli, kemikali inayotuliza maumivu, na ndiyo hiyo hiyo tunayoichanganya na unga wa zinki kuziba jino kwa muda. Chumba changu chenyewe kinanukia ghala la karafuu. Maumivu hutulia, kuoza kunaendelea. Nikamwambia mzizi unatibika, lakini itabidi arudi mara mbili au tatu.

"Ling'oe tu, mwanangu."

Nikampiga ganzi, nikaling'oa. Kwa hesabu yake hakukosea.

Na mimi nina hesabu yangu. Hapa ni mshahara: nizibe meno matatu au kumi na matatu, mwisho wa mwezi napata kile kile, na kung'oa kunamaliza foleni mapema. Zamani nilifanya kazi kliniki binafsi nikilipwa asilimia kwa kila jino. Uongo sikusema. Lakini kidoa cha hudhurungi juu ya gego, ambacho leo namwambia mtu apige mswaki tukiangalie tena baada ya miezi sita, kule nilikiita tundu na nikachukua mashine. Mgonjwa angejuaje? Gego lake mwenyewe halioni.

Kwa hiyo bima ya afya inapozungumzwa, wenzangu huhofia watu watamiminika. Watamiminika kweli, lakini si milele. Utafiti mkubwa wa bima wa taasisi ya RAND kule Marekani, 1974 hadi 1982, ulionesha kuwa waliotibiwa meno bure walikimbilia matibabu zaidi mwaka wa kwanza, wakamaliza viporo vyao, kisha kasi ikashuka. Mimi kinachonitia wasiwasi ni bima itanilipa vipi mimi. Ikilipa kwa kila tundu, matundu yatapatikana.

Ningeulizwa, ningeomba nipewe watoto wa skuli moja kwa malipo ya mwaka mzima yasiyobadilika, wazibiwe mifereji ya magego kabla hayajatoboka. Wakibaki wazima, nami nimefaidika. Tatizo ni kwamba kwa malipo hayo ningeanza kuviona vitundu vya kweli kuwa vidoa tu, kwa hiyo ningetaka na mtu wa kuja kunichungulia vinywa vyao bila ya kunipa taarifa.