Kupima matokeo si kukosa msimamo

Mtu akiambiwa "huyo anaangalia matokeo tu", mara nyingi anasutwa: hana msimamo, yuko tayari kufanya lolote mambo yake yaende. Katika falsafa ya maadili maneno hayo yana maana nyingine. Nadharia ya matokeo inasema tendo sahihi ni lile linaloleta matokeo bora kwa wote wanaoguswa nalo. Nadharia ya wajibu inajibu kwamba yapo mambo ambayo hayafanywi hata yakiwa na faida. Maadili ya fadhila huanzia kwingine: mtu mwenye busara, huruma na ukweli angefanya nini hapa? Hizi hapa ni dhana tano zinazosikika kuhusu nadharia hizi, na hakuna iliyo kweli yote.

"Anayefuata matokeo ni mbinafsi"

Hakuna dhana iliyo mbali na ukweli kuliko hii. Jeremy Bentham, Mwingereza aliyeifafanua nadharia hii katika kitabu chake cha 1789, alitaka furaha na maumivu ya kila mtu yahesabiwe sawasawa, awe bwana au mtumwa. Faida yangu haizidi yako uzito eti kwa kuwa ni yangu. Hata wanyama aliwaingiza katika hesabu hiyo, akisema swali si kama wanaweza kufikiri au kusema, bali kama wanaweza kuumia.

Mwaka 1972 Peter Singer, mwanafalsafa wa Australia, alitoa mfano wa mtoto anayezama kwenye kidimbwi. Ukipita hapo utaingia majini, nguo zichafuke zisichafuke. Sasa kama mtoto anayekufa yuko nchi ya mbali na mchango wako ungemwokoa, umbali umebadilisha nini? Lawama inayoiuma kweli nadharia hii ni kwamba inadai mno. Haikuachii nafasi ya kumpendelea mwanao, rafiki yako, au kazi uipendayo. Lawama hiyo naiona nzito, na sijasoma jibu lililoimaliza. Lakini huwezi kumlaumu mtu huyohuyo kwa ubinafsi na kwa kujitoa kupita kiasi.

"Kwao, lengo likiwa jema njia yoyote ni halali"

Hapa pana nusu ya ukweli, kwa hiyo twende taratibu. Njia nayo ina matokeo yake, na hayo pia huhesabiwa. Chukua mfano unaotumika sana madarasani: daktari ana wagonjwa watano mahututi, mmoja anahitaji moyo, wawili mapafu, wawili figo. Anaingia mtu mzima wa afya, amekuja kupima tu. Je, auawe mmoja wapone watano?

Mfuasi wa matokeo husema hapana, na ana sababu. Siku watu wakijua kwamba hospitali inaweza kumuua mgonjwa ili kugawa viungo vyake, hakuna atakayekwenda tena kupima, na watakaofia majumbani ni wengi kuliko hao watano. Ni jibu zuri, ila halijamaliza kazi. Mpinzani atauliza: na kama siri haitavuja kamwe? Hapo mfuasi wa matokeo anaanza kuhangaika. Wengine husema tusipime tendo moja moja, tupime kanuni ambayo kila daktari angeifuata. Wa nadharia ya wajibu hana haja ya kujua kama siri itavuja. Kwake, yule aliyekuja kupima ni mtu, si stoo ya vipuri.

Wote wawili wamesema hapana. Tofauti ni kwamba hapana ya mmoja inategemea hali ya mambo ilivyo, na ya mwingine haitegemei. Ugomvi halisi wa nadharia hizi uko hapo, na ni mahali padogo kuliko watu wanavyodhani.

"Mfano wa treni ulitungwa kuitetea nadharia ya matokeo"

Philippa Foot, mwanafalsafa wa Uingereza, aliuandika mwaka 1967, na hakuwa wa upande huo. Alikuwa akijadili utoaji mimba, akauliza kwa nini tunamkubalia dereva wa tramu (treni ya mjini) iliyomshinda aielekeze kwenye njia yenye mtu mmoja badala ya watano, lakini hatumkubalii hakimu amnyonge asiye na hatia ili kutuliza ghasia zitakazoua watano. Hesabu ni ileile, hukumu yetu ni tofauti. Hata jina la Kiingereza la nadharia ya matokeo lilitoka kwa mpinzani wake mkali, Elizabeth Anscombe, mwaka 1958.

"Lazima upige hesabu kila unapoamua"

John Stuart Mill, mwanafalsafa wa upande wa matokeo, alilijibu hili mwaka 1861. Baharia hangoji afike katikati ya bahari ndipo aanze hesabu za nyota. Huondoka bandarini na almanaki, kitabu cha hesabu hizo, iliyokwisha kukokotolewa. Usiibe, timiza ahadi, sema kweli: hizo ni hesabu ambazo binadamu wamezipiga kwa vizazi vingi.

"Wa wajibu hawajali matokeo, na wa fadhila hawana jibu"

Dhana hii imechochewa na Immanuel Kant mwenyewe, Mjerumani aliye maarufu kuliko wote katika nadharia ya wajibu. Katika insha ya 1797 alishikilia kwamba hata muuaji akibisha hodi kumtafuta rafiki yako, usimdanganye. Lakini si wote wa wajibu wanaofika huko. W. D. Ross, mwaka 1930, alisema tuna wajibu mwingi kwa pamoja, ukiwemo wa kutenda mema na wa kutodhuru, na unapogongana hatuna budi kupima upi unabana zaidi.

Tuone jambo linalotokea kila siku. Baba amelazwa, majibu ya vipimo ni mabaya. Mama anamvuta kijana wake mlangoni: "Usimwambie, atakata tamaa." Kijana akirudi ndani, baba ameketi kitandani, glasi ya maji mkononi, hajainywa. "Daktari amesema nini, mwanangu?"

Mfuasi wa matokeo hakimbilii kusema "mdanganye". Anauliza baba atachaguaje matibabu bila kujua, nani atamsaidia kupanga mambo ya nyumba, na akigundua ataamini neno gani tena. Wa wajibu anasema mwili ni wake na swali ni lake. Ila kuchagua saa ya kusema si kudanganya. Wakiachana, wataachana pale ambapo baba amebakiza saa chache na hakuna uamuzi wowote uliosalia: wa kwanza anaweza kuruhusu neno la faraja lisilo kweli, Kant hataruhusu, Ross atapima.

Na wa fadhila? Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliita busara ya kutenda uwezo wa kuona hali hii moja inataka nini, na uwezo huo haupatikani kwa kukariri kanuni. Mwenye fadhila anasikiliza kwanza kama baba anaulizia habari, au anaulizia kama ataachwa peke yake.

Kijana anavuta kiti, anaketi macho yake yakiwa sawa na ya baba. "Baba, nikuambie yote sasa hivi, au tuanze na ya wiki hii?"