Je, Wajua Kwa Nini Kombe Kubwa la Magari Marekani Liliitwa kwa Jina la Sigara Misimu 33?

Kuanzia 1971 hadi 2003, bingwa wa NASCAR, yale mashindano ya Wamarekani ya magari yenye umbo la saluni za barabarani, alikuwa akitawazwa bingwa wa Kombe la Winston. Winston ni sigara. Na kilichoipeleka huko ni sheria iliyotungwa ili kuipunguzia sigara umaarufu.

Mwaka 1970 Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya kupiga marufuku matangazo ya sigara kwenye redio na televisheni. Ilianza kutumika Januari 2, 1971, si Januari mosi, ili kampuni za tumbaku zipate kutangaza kwa mara ya mwisho siku ya mechi kubwa za futiboli ya Kimarekani za Mwaka Mpya. Kesho yake, R.J. Reynolds, watengenezaji wa Winston huko North Carolina, walijikuta na mabunda ya pesa za matangazo na hawana pa kuyapeleka.

Hapo ndipo anapoingia Junior Johnson. Huyu alijifunza kukimbiza gari usiku, akisafirisha pombe ya magendo iliyopikwa na baba yake, na polisi wakimfukuza nyuma. Mwaka 1956 alikamatwa penye mtambo wa pombe, akafungwa miezi 11. Alipotoka alirudi kwenye mbio, akashinda mara 50, kisha akawa mwenye timu. Alikwenda R.J. Reynolds kuomba udhamini wa gari lake moja tu, akakuta wenzake wanatafuta pa kumwaga pesa nyingi kuliko alizoziota. Akawaelekeza kwa Bill France, mwanzilishi wa NASCAR: badala ya gari moja, chukueni mashindano yote.

Wakayachukua. Viwanja vingi wakati ule vilikuwa vimechakaa, na kampuni ikaleta hata rangi. Kuta zikapakwa nyekundu na nyeupe, rangi za pakiti ya Winston. Ujanja ulikuwa hapo. Sheria ilikataza tangazo. Haikumkataza mtangazaji wa michezo kutaja jina la kombe, wala kamera kupita mbele ya ukuta. Februari 1979, televisheni ya CBS iliporusha moja kwa moja Daytona 500 nzima, mbio kubwa za NASCAR huko Florida, theluji ilikuwa imewafungia watu wengi majumbani. Waliona magari mawili ya mbele yakigongana mzunguko wa mwisho, Richard Petty akipita kuchukua ushindi, na madereva wakishikana mashati kwenye majani. (Wapenzi wa Safari Rally miaka ya 1990 wanazikumbuka Subaru za bluu zilizoandikwa 555 ubavuni. Ile nayo ilikuwa chapa ya sigara.)

Lakini pesa zilikuja na masharti. Msimu wa 1971 ulikuwa na mbio 48. Wa 1972 ukabaki na 31. Mbio fupi za viwanja vidogo vya mikoani ziliondolewa kwenye ratiba ya ubingwa, na za vumbi zilikuwa zimekwisha tangu Septemba 1970, pale Raleigh. Kwa hiyo shabiki anayelilia "enzi za Winston" kama mila ya mababu analilia kitu ambacho nacho kilikuja kwa kufuta mila za waliotangulia.

Kamba ilianza kukaza 1998, majimbo 46 yalipofikia makubaliano na kampuni za tumbaku. Kila kampuni ilibakiwa na udhamini wa chapa moja tu, na walio chini ya miaka 18 wasishiriki mashindano yaliyodhaminiwa na sigara. Mwaka 2001, kijana wa miaka 16, Kyle Busch, alikuwa amekwisha fanya mazoezi kwa ajili ya mbio za malori madogo huko California alipoambiwa ashuke garini. Mbio zake hazikuwa za sigara, ila wikendi hiyo, uwanjani hapo hapo, kulikuwa na mashindano mengine ya Marlboro. Baadaye Busch alikuja kuwa bingwa mara mbili.

Msimu wa 2004 jina likawa la kampuni ya simu, Nextel. Mwaka huo huo ubingwa ukaanza kuamuliwa kwa mbio 10 za mwisho, kwa kuwa bingwa wa 2003, Matt Kenseth, alikuwa ameshinda mbio moja tu msimu mzima. Uwanja wa Darlington, South Carolina, nao ulipokonywa wikendi ya Sikukuu ya Wafanyakazi ya Marekani, ile ya Septemba, iliyokuwa yake tangu 1950. Ulirudishiwa mwaka 2015, magari yakipakwa rangi za zamani.

Na vumbi? Mwaka 2021 malori yalimwaga udongo juu ya zege la uwanja wa Bristol, Tennessee, ili kombe lipate mbio zake za kwanza za udongo tangu 1970. Mvua ikanyesha, mbio zikaahirishwa hadi Jumatatu.